Mafundo Ndani ya Blanketi la Mama Mdogo

Mtu aliyetengeneza kitu kwa mikono yake mara nyingi hakionei huruma kama aliyepewa. Mpelekee mfumaji sweta aliyokufumia, imetoboka viwiko na kuchanika pindo, uone. Ataigeuza nje ndani, ataivuta huku na huku, atauliza ulikuwa unaivaa kwenda kupigana na nani, kisha ataitupa kando na kukwambia usijali, nitakufumia nyingine. Wewe ndiye utakayeikimbilia ilikoangukia. Yeye anaona kazi aliyoimaliza zamani, tena yenye kasoro ambazo leo asingezirudia. Wewe unaona utoto wako.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye zawadi iliyochakaa ni mwepesi: kama aliyekupa yu hai, muulize. Muulize kabla hujanunua uzi, gundi wala kiraka. Atakwambia alitumia nini, alianzia wapi, ncha za uzi alizificha upande gani, na pengine atakuruhusu kukata kipande ambacho wewe usingethubutu hata kukigusa.

Mimi sikuwa na wa kumuuliza. Mama mdogo, aliyelifuma blanketi ninalotaka kulisimulia, alishatangulia mbele ya haki, na hakuacha maelezo yoyote. Wafumaji wa kizazi chake hawakuandika. Vipimo vilikuwa kichwani na hesabu zilikuwa vidoleni.

Ni blanketi la kroshia, la miraba midogo iliyofumwa mmoja mmoja kuanzia katikati kwenda nje, kisha ikaunganishwa. Alilifuma wakati dada yangu mkubwa alipozaliwa. Likanifunika mimi, likamfunika mdogo wetu wa mwisho, likawa hema, likawa joho la mfalme, likawa kamba ya kuvutana. Baadaye likaenda kwa watoto wa dada, na hao hawakulihurumia hata kidogo. Lilipofika mikononi mwangu miraba kadhaa ilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi, mishono ya kuungia ilikuwa imeachia upande mzima, na kwenye kona moja kulikuwa na kitu kigumu, kinene, kilichosinyaa, ambacho zamani kilikuwa miraba minne.

Dada hakutaka liguswe.

"Liache kama alivyoliacha," aliniambia.

"Lakini dada, hakuliacha hivi. Alituachia blanketi zima."

"Ukianza kulishona litakuwa lako. Halitakuwa lake tena."

Hoja hiyo sikuipuuza, na hadi leo naona ina uzito kuliko wengi wanaopenda kukarabati vitu wanavyokubali. Kila mkono mpya unaoingia kwenye kazi ya zamani unafuta kidogo ule wa kwanza. Wahifadhi wa makumbusho wanalijua hilo vizuri. Wanapiga picha kila hatua, wanaandika walichoongeza, na wanachagua njia ambayo mwingine akija baadaye ataweza kuitengua bila kuumiza cha asili. Hata uzi wa kushonea huwa wanauchagua ulio dhaifu kidogo kuliko kitambaa chenyewe, ili siku kikivutwa ukatike ule mpya na kile cha zamani kibaki. Ila kitambaa cha makumbusho hakuna atakayekilalia. Letu lilikuwa bado lina mwenye shida nalo: mtoto wa pili wa dada, sasa mtu mzima anayehamia kwake, alikuwa ameliomba, tena kwa kujifunika.

Tukakubaliana kwamba nitalikagua tu. Sindano baadaye, kama itakuwepo.

Nililitandaza kwenye meza karibu na dirisha, na jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba lilikuwa bado limesimama. Sweta ya kufumwa kwa sindano mbili ikikatika uzi mahali pamoja, kitanzi kinaachia kitanzi cha chini yake, na cha chini kinaachia kinachofuata, mpaka unapata mfereji unaoteremka hadi kwenye pindo. Kroshia haiko hivyo. Kila kishono kinafungwa kabla ya kinachofuata kuanza, na ukitaka kufumua kazi yote kwa mpangilio huna budi kuanzia pale mfumaji alipomalizia. Kwa hiyo tundu linaweza kukaa miaka bila kukua sana. Mama mdogo hakuchagua kroshia kwa sababu hiyo, nadhani aliichagua kwa sababu mraba mmoja unaenea kwenye mkoba. Lakini ndiyo iliyotuokoa.

Jambo la pili: matundu hayakuwa yametawanyika ovyo. Miraba ya rangi ya damu ya mzee na ya bluu nzito ilikuwa imeliwa vibaya, ilhali ya njano na ya kijani iliyopakana nayo haikuwa na hata uzi mmoja uliokatika. Hapo nikajua alichanganya nyuzi.

Njia ya zamani ya kuutambua uzi ni kuchoma kipande kifupi, umekishika kwa kibano juu ya sahani yenye maji. Pamba inawaka upesi, inanuka kama karatasi, na inaacha majivu laini ya kijivu. Akriliki, yaani uzi wa jamii ya plastiki, inayeyuka huku ikiwaka na kuacha kidonge kigumu cheusi, na ole wako kikidondoka kikiwa cha moto kwenye ngozi. Sufu inasitasita kuwaka, ukiiondoa motoni inazimika yenyewe, mkaa wake unasagika vidoleni, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Si ajabu, kwa sababu sufu na nywele zote ni keratini, aina moja ya protini. Miraba ya damu ya mzee ilinuka nywele. Ya njano ikaacha kidonge.

Keratini ndiyo chakula cha mabuu ya nondo wa nguo. Nondo mwenyewe unayemwona akiruka hali kitu, maana kinywa chake hakifanyi kazi ya kula. Anayemaliza blanketi ni mtoto wake, na mtoto huyo anapenda giza, utulivu, na sufu yenye jasho la mtu ndani yake. Soma tena hayo masharti matatu. Ndiyo masharti ya kabati ya dada, ambamo blanketi lilikaa miaka likiwa limekunjwa kwa heshima, bila kufuliwa "lisiharibike," bila kufunguliwa. Watoto walilivuta na kulichana mishono, ni kweli, lakini matundu ya ngumi hayakuwa kazi yao. Lililiwa lilipokuwa linatunzwa. Nilimweleza dada hilo taratibu nilivyoweza, naye akajibu kwamba mimi nasoma sana.

Ile kona iliyosinyaa ilikuwa na kisa chake. Unywele wa sufu umefunikwa na magamba madogo sana, yamepangana kama vigae. Maji ya moto, sabuni kali na msuguano vinayafanya magamba ya unywele mmoja yanase kwenye ya mwingine, na kila msukosuko unayakaza zaidi. Intaneti imejaa maelekezo ya kuirudisha sufu ya namna hiyo kwa kuiloweka kwenye kondishena ya nywele. Italainika, ukiivuta itanyooka kidogo, lakini kilichokwisha kushikana hakiachani. Kuna mtu aliichovya kona ile kwenye maji ya moto kutoa doa. Katika familia yetu kila mmoja anamjua mhusika, na kila mmoja anamtaja mtu tofauti.

Kabla ya kufanya lolote, blanketi likaingia kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, likaenda kwenye friza ya nyuzi joto 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hiyo ndiyo tiba ya mabuu na mayai inayotumika hata makumbusho, na ni bora mara mia kuliko vile vidonge vyeupe vya nondo ambavyo harufu yake haitoki kwenye nguo. Kisha nikazungushia kila tundu mshono mrefu wa muda, wa uzi mweupe, ili maji yasije yakalipanua. Ndipo likafuliwa.

Kufua sufu ya zamani kunahitaji usahau ulichofundishwa na pamba. Pamba ikilowa huwa na nguvu zaidi, ndiyo maana shuka unaweza kulikamua, kulipiga na kulining'iniza lisidhurike. Sufu ikilowa hudhoofika. Kwa hiyo maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, hakuna kusugua, hakuna kukamua, na usithubutu kutia klorini, kwa kuwa inaiyeyusha sufu kabisa. Nililifua likiwa limelala juu ya wavu, nikalinyanyua kwa wavu huohuo ili lisivutwe na uzito wake, nikalibinya kati ya taulo, nikalikausha likiwa limetandazwa kivulini. Maji ya kwanza yalitoka na rangi ya chai. Sitasema zaidi.

Lilipokauka rangi zilifunguka, na nilipoligeuza upande wa nyuma niliyaona mafundo.

Miraba ya damu ya mzee ilikuwa na mafundo kila mahali. Kitonge kipya cha uzi huweza kuwa na fundo moja au mawili, lakini mama mdogo alikuwa ameunga vipande vifupi vifupi, vingine visivyozidi urefu wa mkono, na kila fundo alilisukuma kwa ustadi upande wa nyuma. Uzi wenyewe ulikuwa na unene usiolingana, mahali mwembamba, mahali umejaa. Anayefuma hawezi kukosea alama hiyo. Ni uzi uliofumuliwa kutoka kwenye nguo nyingine, sehemu zilizosagika zikakatwa na kutupwa, zilizo nzima zikaungwa.

Nikamwita dada aje kuona. Aliyapitisha mafundo vidoleni kwa muda, akaondoka, akarudi na albamu ya mama. Kuna picha humo ya mama na mama mdogo wakiwa wasichana, wamesimama bega kwa bega, wamevaa sweta za damu ya mzee zinazofanana. Mimi siwezi kuapa kwamba ni uzi uleule. Dada aliapa palepale.

Basi mabishano yetu yakabadilika sura. Tulikuwa tunabishana kama ni halali kukata na kuunga kitu alichotuachia marehemu, kumbe kitu chenyewe alikipata kwa kukata na kuunga. Pengine alifanya hivyo kwa sababu uzi ulikuwa ghali, pengine kwa sababu sweta ilikuwa na maana kwake. Huenda hakutofautisha mambo hayo mawili, kwani kwa watu wengi yamekwenda pamoja. Uingereza, wakati nguo zilipokuwa zinagawiwa kwa kuponi kuanzia 1941 hadi 1949, serikali ilitoa kijitabu mwaka 1943 cha kuwafundisha watu kukarabati na kugeuza nguo walizonazo, na kufumua sufu ya zamani ili kuifuma upya lilikuwa jambo la kila nyumba. Hapo ni uhaba ulioamuru. Lakini mwaka 1942, kule Gee's Bend, Alabama, Marekani, mwanamke mmoja aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akakusanya nguo zake za kazi, suruali zilizopauka magotini na mashati ya shambani, akazikata na kuzishona blanketi la viraka. Binti yake, Arlonzia Pettway, alisimulia baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika kwa upendo wake. Mablanketi ya wanawake wa Gee's Bend yalikuja kutundikwa kwenye makumbusho ya Houston na New York mwaka 2002, na watu wakayalinganisha na michoro ya wasanii wakubwa. Ninachokitafakari mimi ni kile kitendo cha kwanza: mjane ameshika mkasi, mbele yake suruali ya marehemu. Hakuikunja akaiweka.

Nina maoni makali kidogo kuhusu mambo haya, nayatoa upesi nisije nikawachosha. Sipendi fremu ya kioo, isipokuwa kwa kitu kidogo ambacho kweli hakina kazi tena, kama kiatu cha kwanza cha mtoto, na hata hicho kitundike mbali na jua kwa sababu mwanga hula rangi na kudhoofisha uzi. Mto uliokatwa kutoka kwenye blanketi lililokufa sehemu kubwa, sawa kabisa. Nguo mpya zinazouzwa zikiwa zimetiwa viraka kiwandani kuiga umaskini wa watu, hapana. Wakulima wa kaskazini mwa Japani, ambako baridi haikuruhusu pamba kustawi, waliunga viraka juu ya viraka kizazi baada ya kizazi kwa sababu kila kipande kilikuwa na thamani. Leo vitambaa hivyo vinanunuliwa na wakusanyaji kwa fedha nyingi ambazo wenyewe wasingeziamini.

Turudi kwetu. Dada ndiye aliyetoa wazo lililokubalika: lipunguzwe. Badala ya kufuma miraba mipya ya kuziba mapengo, tuondoe ile iliyokufa kabisa, na iliyobaki isogezwe pamoja. Blanketi dogo lililo la mama mdogo lote, kuliko kubwa ambalo nusu yake ni letu. Nilikuwa nimeshachagua rangi za uzi mpya, nikaumia kidogo, lakini alikuwa sahihi.

Miraba iliyoondolewa haikutupwa. Ile iliyoliwa niliifumua. Uzi uliofumuliwa hutoka umejipindapinda, na ukiufuma hivyo kazi inakuwa na mabonde. Unauzungushia mgongo wa kiti upate shada, unalifunga shada kwa kamba legevu sehemu chache lisitatanike, unaliloweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha unalitundika na kitu chepesi chini yake hadi likauke. Mapindo mengi yanaisha. Nilipata vipande vifupi tu, nondo walikuwa wamehakikisha hilo. Sufu inaweza kuungwa bila fundo, kwa kulowesha ncha mbili na kuzisugua kati ya viganja hadi magamba yanase. Mama mdogo alifunga mafundo, nami nikafunga mafundo. Uzi huo wake ndio nilioufumia upya vitovu vya miraba iliyotoboka katikati. Vitovu vingi havikuliwa na mtu wala mdudu. Viliachia kwa sababu ncha ya kuanzia iliachwa fupi na kufichwa upande mmoja tu. Ncha ichomekwe kwenda, irudi, kisha ikate njia ya tatu, ndipo inakaa.

Ile kona iliyosinyaa niliyodhani ni hasara tupu ikawa ndiyo bora. Sufu iliyoshikana namna ile ukiikata haichambuki kabisa. Ni kama imeshonwa pindo pande zote. Nikaikata vipande vya duara, nikavishona nyuma ya miraba iliyokuwa imesagika lakini haijatoboka, pale migongo na magoti ya watoto yalipokuwa yanasugua. Kwa mbele huvioni. Ukipitisha kiganja unavihisi.

Kuunganisha miraba ndiko kulikochukua muda. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kutumia uzi wa nailoni kwa imani kwamba wenye nguvu ndio bora. Uzi mwembamba, mgumu, kila blanketi likivutwa unaikata sufu taratibu kama msumeno, na baada ya miaka mshono uko imara katikati ya blanketi lililochanika. Nilitumia sufu laini. Ikikatika, itakatika yenyewe, na kushona tena mshono ni kazi ya jioni moja. Kanuni hii inavuka mipaka ya uzi. Kijitabu cha kuandikwa kwa mkono kikichanika usikipake selotepu, maana gundi yake huiva ikawa ya njano na kupenya karatasi. Wahifadhi hutumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, ambao hutoka kwa maji. Kiti cha mbao kilichoachia viungo, kwangua kwanza gundi ya zamani, kwani ile nyeupe ya kisasa haishiki juu ya gundi iliyokwisha kukauka.

Mkono wangu ni mlegevu kuliko wa mama mdogo. Alikuwa anakaza uzi kama mtu aliyekasirika, na ilinibidi nitumie sindano ya kroshia nyembamba kuliko ninayoizoea ili vishono vyangu vilingane na vyake. Hata hivyo ukiangalia sana utajua. Kuna mraba mmoja wa kijani ambao alihesabu vibaya ukawa na pembe tano, naye hakuufumua, aliubana tu katikati ya majirani zake mpaka ukakubali. Huo tuliuweka mahali palepale ulipokuwa, haukuguswa hata uzi.

Nilichoongeza changu ni ukingo wa kuzunguka nje, kwa sababu bila ukingo miraba ya pembeni ingeanza kuvutika tena. Nilichagua rangi ambayo haipo popote ndani ya blanketi, kijivu cha mawe, ili yeyote atakayelirithi ajue kazi ya mama mdogo inaishia wapi na yetu inaanzia wapi, na akitaka kuufumua ukingo wangu aufumue. Dada alifuma upande mmoja wa ukingo huo. Unaonekana, umepinda.

Mtoto aliyeliomba bado hajalipata. Dada alilichukua kwa maelezo kwamba anataka kulikagua mishono kabla ya kumkabidhi, na ukaguzi haujaisha. Juzi nilimpigia kumkumbusha asije akalirudisha kabatini, kwamba kila baada ya muda alikung'ute na kulianika kwa sababu ya nondo. Akaniuliza nondo hao watapata nafasi saa ngapi, ikiwa yeye analilalia kila siku.